Mama wa Toi anayewapima wasafiri wa baridi ndani ya friza ya samaki

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu. Nyuma ya soko la Mtaa wa Muindi Mbingu, katikati ya jiji la Nairobi, mwanamke aliyejifunga leso kiunoni amesimama mbele ya mlango wa chuma. Anaugonga kwa mpini wa kisu.

"Haron! Bado uko?"

"Nitaenda wapi na suruali kama hii?" sauti inajibu kutoka ndani, nzito kama ya mtu aliye mtungini.

"Wacha mdomo. Miguu?"

"Iko poa, shemeji."

Humo ndani ni nyuzijoto kumi na nane chini ya sifuri. Haron Maina, mwenye umri wa miaka 36, ameketi juu ya kreti katikati ya nguru na pweza walioganda. Amevaa koti la wawindaji lenye madoa ya majani makavu, suruali yenye bitana ya manyoya, glavu juu ya glavu, na boshori iliyoshuka hadi kwenye nyusi. Mlango una komeo la kufungulia ndani, lakini sharti ni akae dakika hamsini.

Mwanamke huyo ni Wahu Kibe, mwenye umri wa miaka 44, muuzaji wa nguo za baridi katika soko la Toi, karibu na Adams Arcade. Mwenye friza ni Abdulrauf, mfanyabiashara wa samaki kutoka Mombasa. Yeye amekunja mikono na kutikisa kichwa.

"Miaka kumi na minane nauza samaki," anasema Abdulrauf. "Nguru aliyeingia humu na soksi, wallahi, huyu ndiye wa kwanza wiki hii."

Dakika hamsini zinatimia. Haron anatoka na ndevu nyeupe kwa barafu. Wahu hamsalimii. Anampa shati lenye vifungo na kumwambia avifunge vyote. Vidole vya mikono vinatii, kifungo baada ya kifungo.

"Sasa vua viatu."

"Si nimekuambia miguu iko poa?"

"Vua."

Haron anavua polepole. Soksi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chini yake, vidole vya miguu yote miwili ni vyeupe kama mshumaa. Wahu anakibonyeza kidole gumba kwa ukucha. Haron hashtuki, maana hakuna alichohisi.

Wahu anaketi juu ya kreti tupu. "Nimekuuliza mara sita, Haron. Mara sita umesema poa."

"Ningesema siviskii, ungeniacha niende?"

Abdulrauf anarudi na karai la maji ya vuguvugu bila kuagizwa. "Tia miguu, bwana. Na usisugue, utajichuna."

Ikafika Jumatatu hiyo saa moja asubuhi, zikiwa zimebaki siku tatu Haron apande ndege, na mtu wa kumvisha alikuwa hajui tena kama anapaswa kumvisha au kumzuia.

Kazi inayomngoja Haron iko katika milima ya Asia ya Kati. Huko, matajiri hulipa kuwinda mbuzi wa mwituni wenye pembe ndefu, juu kabisa ambako hata majani huogopa kuota. Wawindaji hubeba bunduki. Mahema, sufuria, nyama na pembe hubebwa na watu kama Haron.

Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977, kwa hiyo Haron hajawahi kumfuata mnyama hata mmoja. Anachokijua ni kubeba. Kwa miaka kumi na mmoja amewapandishia watalii mizigo Mlima Kenya. Wakala mmoja wa ajira hapa mjini alimpa mkataba wa siku arobaini, kwa malipo ambayo mlimani kwetu angeyasaka mwaka mzima.

Pamoja na mkataba alipewa orodha ya kurasa mbili: makoti, suruali, fulana za ndani, glavu, viatu. Vyote ajitafutie. Alipita kwenye duka moja la vifaa vya milimani kule Kilimani na kujumlisha bei kwenye simu. Zilifika shilingi 185,000.

"Muuzaji aliniuliza kama nalipa kwa kadi," anasema Haron. "Nikamwambia nalipa kwa miguu. Nikatembea hadi Toi."

Hakuhitaji kuelekezwa. Wahu ni mjane wa kaka yake.

Kwenye kibanda cha Wahu hakuna magauni wala jinzi. Zimening'inia nguo ambazo mteja wa kawaida wa Nairobi huzicheka: makoti yenye unene wa godoro, suruali za kuteleza kwenye theluji, soksi zinazofika gotini. Amezifanyia biashara kwa miaka kumi na tano, na moto umekipitia kibanda chake mara mbili. Siku njema hurudi nyumbani Kangemi na shilingi 1,500. Siku mbovu, nauli tu.

Nguo za wawindaji huja zimefichwa ndani ya marobota ya mitumba, na huwa mkosi. Hapa kwetu raia akivaa madoadoa yanayofanana na ya jeshi anajitafutia pingu. Wauzaji wengi huzikata wakashona vifuniko vya viti. Wahu huzigeuza bitana nje na kuziweka chini kabisa ya mzigo.

"Hizi ndizo zilishonwa na mtu anayejua baridi," anaeleza. "Mwindaji hatembei apate joto kama mpanda mlima. Analala kifudifudi kwenye theluji kwa saa tatu akingoja mbuzi ageuke. Koti lake lazima limpashe joto akiwa ametulia kama maiti."

Ni kama neno hilo la mwisho limemponyoka.

Namna yake ya kuchagua inawavuta watu kusimama kutazama. Hubandika mdomo kwenye kitambaa cha koti na kupuliza: pumzi ikipenya, upepo nao utapenya. Humwaga kikombe cha maji mgongoni na kuhesabu hadi mia mbili. Huchomoa uzi kwenye sweta na kuuchoma kwa kiberiti. Ukinuka nywele zilizoungua, ni sufu, linanunuliwa. Ukinuka karatasi, ni pamba.

"Pamba ni ya kwenda nayo kanisani," anasema. "Ukitokwa na jasho mlimani ukiwa umevaa pamba, umejivika sanda ya maji."

Zipu huifungua akiwa na glavu mkononi. Isipofunguka, koti linarudi kwenye fagia, yale masazo yanayouzwa kwa shilingi hamsini.

Lakini kuna jambo moja ambalo wenzake hawamwelewi. Muuzaji yeyote wa mitumba anayejiheshimu hufua mali yake kwa sabuni ya unga, akaianika na kuipiga pasi mpaka mistari isimame. Nguo iliyonyooka huuzwa mara mbili. Wahu hafui. Wala hapigi pasi.

"Nguo zake zinanuka ng'ambo," anacheka Ndunge, jirani yake anayeuza viatu. "Mteja anakuja kwangu kupumua, halafu anarudi kwake kununua."

Wahu hakucheka. Alingoja Ndunge aitwe na mteja, ndipo akasema.

Mumewe, Kibe, alikuwa mbebaji kama mdogo wake, Haron. Agosti 2021 alipata kundi la watalii wanane, kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, na akaambiwa wageni hao wakimpenda watamwita tena. Wahu alimchagulia jaketi la mvua, kamera kabisa, yaani lile la kwanza kuinuliwa robota likifunguliwa. Lilikuwa la bluu. Lilikuwa na mikunjo.

"Nikalifua mara mbili. Nikaweka makaa kwenye pasi. Nilitaka asimame mbele ya hao wazungu akiwa mtu, si gunia. Nikapiga pasi mpaka kwenye kola."

Ndani ya mishono ya jaketi la aina hiyo huwa mna utepe mwembamba unaozuia maji. Pasi ya moto huuyeyusha. Kwa macho huoni kitu. Nguo inapendeza.

Siku ya tatu mvua iliwakuta juu ya kambi, ikageuka theluji jioni. Wenzake walisema baadaye kwamba walimuuliza Kibe mara tatu kama yuko sawa, kwa sababu alikuwa ameanza kuongea polepole. Mara zote tatu alisema yuko sawa. Hakutaka kushushwa mbele ya wageni wanane. Walimkuta alfajiri ndani ya hema, na sweta lake chini ya jaketi limelowa hata ungeweza kulikamua.

"Walinirudishia hilo jaketi kwenye mfuko wa plastiki," anasema Wahu. "Nikaligeuza. Utepe ulikuwa unaning'inia kama utumbo."

Hakumwambia mtu. Na mahali ambapo mtu hasemi, Nairobi itamsemea. Zikavuma habari kutoka Kangemi hadi Mountain View, anakoishi mama mkwe wake, kwamba yule wa Toi alimvisha mumewe fagia ili kamera awauzie wateja. Mama mkwe, Nyawira, mwenye umri wa miaka 71, aliyasikia akayaamini. Tangu mazishi hajamwita Wahu kwa jina, ingawa binti mkubwa wa Wahu anaitwa Nyawira kwa ajili yake. Haron alipomwambia nani anamvisha, mama alijibu neno moja tu.

"Tena?"

Jumatatu hiyo, baada ya friza, Wahu aliona kosa mara moja. Viatu vilikuwa vya Haron mwenyewe, saizi nane, na Haron alikuwa amevishindilia soksi tatu kama ilivyo desturi ya wabebaji wengi. Kiatu kikibana, damu haishuki. Soksi ya tatu haileti joto, inalifukuza.

"Unataka nafasi ya vidole viwili mbele, na soksi moja ya maana," alimwambia. "Na unataka mdomo unaosema ukweli. Cha kwanza nitakitafuta. Cha pili hakiko Toi."

"Shemeji, nikikosa hii ndege sipati nyingine."

"Na ukipata hii ukose miguu?"

Jumanne nzima alizunguka bila kupata. Nani ataagiza robota la viatu vya theluji kuja Nairobi? Jumatano saa mbili asubuhi Ndunge alifungua mzigo wake wa viatu mchanganyiko, na chini ya visigino virefu vya harusi Wahu akakiona: kiatu kizito chenye kitako cha mpira, shingo ya ngozi, na ndani yake soksi nzima ya sufu iliyogandamizwa, nene kama zulia. Saizi kumi. Akakirukia cha kulia.

Cha kushoto kilikuwa tayari mkononi mwa Zedekiah, mwendesha bodaboda.

Sheria ya soko ni moja: aliyeinua kwanza ndiye mwenye mali. Lakini sheria haisemi lolote kuhusu watu wawili walioinua mguu mmoja mmoja.

"Mathe, achilia," Zedekiah alisema. "Hii ni ya mvua. Nimeitafuta tangu Aprili."

"Utaendesha pikipiki na kimoja?"

"Na wewe utauza kimoja kwa nani?"

Watu wakajaa. Mmoja akashauri vichezewe karata. Ndunge akasema yeye ni bei tu, miguu wagawane wenyewe. Ndipo Wahu akamwambia Zedekiah viatu ni vya nani, na anakwenda wapi, na kaka yake alikufaje. Hakusema habari ya pasi. Zedekiah alikiachilia cha kushoto.

"Nipe jaketi la mvua basi. Lile zuri."

Wahu alimpa zuri kuliko yote.

Ikabaki kuvipima, na hapo bahati ikakatika. Friza ya Abdulrauf ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Lori la Mombasa lilikuwa limeshusha mzigo usiku. "Hata mkia haupiti, dada yangu," alisema kwa simu. "Lakini barafu ya kusagwa ninayo, gunia mbili. Na chumvi ya mawe. Barafu ukiitia chumvi, inakuwa kali kuliko friza." Zedekiah alizileta kwa pikipiki hadi Mountain View, jaketi jipya likimng'aa mgongoni.

Nyumba ya Mama Nyawira ilikuwa imejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa wamekuja kumwombea msafiri, birika la chai lilikuwa linazunguka, na viti vya jirani vilikuwa vimeazimwa. Wahu alisimama mlangoni akiwa na viatu mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia humo kwa zaidi ya miaka minne.

"Umevipima?" Mama Nyawira aliuliza, akikitazama kiatu.

"Bado, Mama. Ndiyo maana nimekuja na barafu."

"Na lile la Kibe ulilipima?"

Hakuna aliyegusa kikombe. Mama mmoja akaanza kuinuka aende jikoni, mwenzake akamvuta sketi akae.

"Nililipima, Mama. Lilikuwa jaketi zuri. Kisha nikalipiga pasi."

Akaeleza yote, akiwa amesimama, mbele ya kanisa zima: makaa, kola, utepe. Hakulia. Alipomaliza alisema, "Wanasema nilimvisha fagia. Nilimvisha kamera, nikaiharibu kwa mkono wangu nikitaka apendeze. Sasa unajua. Ukisema nisimguse huyu, naacha viatu hapa naenda."

Mama Nyawira aliweka kikombe chini. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Vaa. Ingia kwenye karai."

Haron alisimama sebuleni katika karai kubwa la kufulia, barafu na chumvi vikimfikia kwenye shingo ya kiatu, kwa dakika arobaini. Wanawake waliomba, wakaimba, wakaomba tena. Katikati ya sala mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba ndiyo mara ya kwanza kuona mtu akiombewa huku akipozwa kama soda.

Muda ulipotimia, Mama Nyawira alipiga magoti kwa shida na kuanza kufungua kamba mwenyewe. Kabla hajafika kwenye soksi, Haron alisema:

"Mama. Kuna kimoja. Kile kidogo cha kushoto sikiskii."

Wahu alifumba macho.

Mama Nyawira akavipapasa vidole kimoja kimoja, kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Tisa vilikuwa na joto. Akakifunika hicho kidogo kwa kiganja chake na kukishikilia.

"Afadhali kimoja unachokisema," alisema, "kuliko kumi unavyovificha."

Wahu alichukua mkasi, akakata kipande cha kofia ya koti la sufu na kukitandika ndani ya kiatu cha kushoto. Muda wa kupima tena haukuwepo. Barafu ilikuwa imeyeyuka, na watu walitaka kwenda nyumbani kabla giza halijaingia. Mzigo mzima, kuanzia boshori hadi viatu, ulikuwa umegharimu shilingi 23,400. Koti la madoa lilikunjwa chini kabisa ya begi, bitana nje, lisionekane uwanjani.

Mlangoni, Mama Nyawira alimwambia mkwewe maneno matatu tu, akimwita mama wa yule mjukuu mwenye jina lake. "Mama Nyawira, chai."

Wahu akarudi ndani, akanywa.

Yeye haiiti hiyo kusamehewa. "Alinipa chai," anasema. "Mwanawe hajarudi. Mimi simdai zaidi ya chai."

Haron aliondoka Alhamisi. Kabla ya kuondoka, Wahu alimwekea sharti: kila jioni penye mtandao atume namba moja tu. Idadi ya vidole anavyovisikia. Hataki salamu, wala picha za theluji. Na siku namba ikishuka, aingie hemani hata kama mwindaji anapiga kelele, hata kama mkataba utachanwa.

Wiki mbili zimepita. Namba zimekuja siku tisa kati ya kumi na nne. Siku ambazo hazikuja, Wahu anasema, aliuza nguo bila kujua anauza nini. Mama mkwe hupiga simu saa mbili usiku na kuuliza neno moja, "Ngapi?" Akishajibiwa hukata.

Jumatano ya wiki hii, simu ililia Wahu akiwa amebandika mdomo kwenye mgongo wa koti, akipuliza. Aliisoma, akampa Ndunge aisome, kisha akaichukua akaisoma tena.

Ilisema: "Tisa na nusu."

"Imeshuka kutoka kumi, lakini angalau hajadanganya," alisema Ndunge.

Wahu alikuwa ameshapanda juu ya kiti na kushusha koti zito la sufu la kijivu, kamera, ambalo mteja alikuwa ameliwekea ahadi ya Ijumaa. Akauchoma uzi wake mmoja, akaunusa, akachukua mkasi. Kuna dobi wa Kangemi ambaye binamu yake anasafiri Jumamosi kwenda kazi ya kupika katika kambi hiyo hiyo, na Wahu ameombwa kumvisha naye pia.

"Atambebea Haron jozi mbili za kutandika ndani," alisema, akikata. "Siku zilizobaki ni ishirini na sita. Nataka tu azimalize, arudi hapa, avue viatu mbele ya mama yake."